Mvinyo Ulionyamaza

Katika mikahawa ya Ureno, kama katika mikahawa mingi ya Ulaya, ipo ada moja ndogo inayowatia watu hofu kuliko bei zilizoandikwa kwenye orodha ya vyakula. Mhudumu huleta chupa ya mvinyo, akaionyesha kwa mteja kama mtu amwonyeshaye jirani mtoto mchanga, akakichomoa kizibo, kisha akamimina katika bilauri kiasi kisichozidi funda moja. Hapo husimama. Chupa i mkononi mwake, kitambaa ki begani, na macho yake hutazama kando kwa adabu. Mezani watu wote hunyamaza. Aliyemiminiwa huinua bilauri, huizungusha kidogo kwa kuwa amewaona wengine wakifanya hivyo, hunusa, huonja, kisha huinamisha kichwa: naam, mimina.

Walio wengi hudhani kwamba kwa funda lile wanaulizwa iwapo mvinyo umewapendeza. La hasha. Aliyeagiza ameshaagiza, na kutopendezwa kwake si hoja ya kuirudisha chupa, kama vile ambavyo mtu hawezi kumrudishia muuza vitabu diwani ya mashairi kwa sababu beti zake hazikumliwaza. Swali linaloulizwa ni jingine kabisa, nalo ni jembamba: je, kinywaji hiki ni kizima, au kimeharibikia chupani? Ni swali la uzima, si la uzuri. Lakini kwa kuwa haliulizwi kwa maneno, mtu anayechelea kuonekana mshamba hujibu swali ambalo hakuulizwa. Husema "mzuri", na akishasema hivyo ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Msomaji wa visiwani ambaye hajapata kutia mvinyo kinywani, wala hakusudii, asiufunge ukurasa huu. Lugha yake inao mvinyo tangu zamani. Neno lenyewe ni *vinho* la Kireno, lililoshuka pwani pamoja na meza, leso, bendera, kasha na karata, na pamoja na gereza, ambalo kwao lilikuwa kanisa. Baadaye likaja jina la pili, divai, ambalo ni *du vin* la Kifaransa lililomezwa zima na sikio la mtu asiyejua kwamba *du* na *vin* ni vitu viwili. Hivyo lugha imejikuta na majina mawili ya kigeni kwa kinywaji ambacho wasemaji wake wengi hawakinywi, ilhali tembo la mnazi, ambalo ni la hapa hapa, limetosheka na jina moja.

Majina yapo, sifa ndizo zinazomtoa mfasiri jasho. Mvinyo mweupe si mweupe. Maziwa ndiyo meupe. Kinywaji hiki kina rangi ya maji yaliyotiwa tone la asali, au ya ganda la ndimu lililoanza kuiva. Huitwa pia mkavu, na hapo msomaji ana haki ya kuuliza kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu. Maana yake ni kwamba hamira imeila sukari yote ya zabibu na utamu haukubaki. Wareno husema hivyo, Wafaransa na Waingereza vilevile, na mfasiri aandikaye "mvinyo mkavu" huwa amelivusha neno mpakani bila mizigo yake.

Lakini mara moja moja lugha mbili hukutana pasipo kutarajiwa. Mvinyo mashuhuri wa kaskazini ya Ureno huitwa Vinho Verde. Mfasiri akiitegemea kamusi peke yake ataandika "mvinyo wa kijani", na msomaji atafikiria sharubati ya mchicha. *Verde*, hata hivyo, si rangi tu. Ni hali ya tunda lisiloiva, ya kuni zisizokauka, ya kitu ambacho hakijakaa. Kiswahili kina kivumishi kinachobeba hayo yote, tena bila kutoa jasho: mvinyo mbichi. Wapo wasemao kwamba jina latokana na ujani wa nchi yenyewe, na wapo wasemao kwamba latokana na mvinyo kunywewa ukiwa mchanga. Kwa Kiswahili ugomvi huo hauna faida. Nchi ile nayo ni mbichi.

Eneo hilo liko kaskazini-magharibi, kutoka mto Minho unaotenganisha Ureno na Uhispania, kuteremka hadi ng'ambo ya mto Douro. Mipaka yake iliwekwa kisheria mwaka 1908. Mvua za Atlantiki huijia moja kwa moja, na chini ya udongo kuna mawe ya matale. Wakulima wake wa zamani walikuwa na viambo vidogo, hawakuweza kutenga shamba zima kwa mizabibu, kwa hiyo waliipandisha juu: juu ya miti mingine, juu ya nguzo ndefu za mawe, ili chini yake wapate kupanda mahindi na kabeji. Wakati wa mavuno walipanda ngazi. Mgema wa pwani angeliwaelewa mara moja, ijapokuwa angelicheka kuona mtu anahitaji ngazi.

Zabibu zake zina majina yao: Alvarinho, Arinto, Trajadura, Loureiro. Hii ya mwisho, ambayo kwao hasa ni bonde la mto Lima, hunukia maua na maganda ya ndimu hata kabla bilauri haijafika puani. Mvinyo mbichi hauna nguvu nyingi. Ni mchachu, na huchoma ulimi kidogo kwa viputo vidogo vidogo ambavyo zamani vilitokana na uchachu kumalizikia chupani, na siku hizi aghalabu hutokana na gesi inayotiwa kiwandani. Kazi yake mbele ya vyakula vya baharini ni ile ile ya ndimu, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kazi ya ndimu mbele ya samaki.

Jioni moja ya mwezi wa Juni, katika mji wa Matosinhos ulio kando ya Porto, mahali ambapo majiko ya mkaa huwekwa nje ya milango na moshi wa dagaa wakubwa wa kuchoma hutanda mtaa mzima, binti mmoja alimwalika baba yake chakula cha usiku. Binti alikuwa karani wa bima na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupokea mshahara. Baba alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, mzaliwa wa kijiji cha bonde la Lima, aliyepanda ngazi za mavuno tangu akiwa na miaka saba na hakupata kuketi katika mkahawa wenye vitambaa vya meza isipokuwa kwenye harusi za watu. Binti aliagiza kamba wa kuchoma, akaagiza na kombe wa mchangani wa Bulhão Pato. Mvinyo alichagua wa Loureiro, kwa heshima ya baba yake. Si wa bei ya chini kabisa, wala wa kati, bali wa tatu kutoka chini, kama wachaguavyo watu wanaotaka kuwa wakarimu bila kufilisika.

Hao kombe wa Bulhão Pato wanastahili neno. Hupikwa kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu, majani ya giligilani na ndimu, kisha mchuzi wake hufutwa kwa mkate mpaka sahani ing'ae. Raimundo António de Bulhão Pato, aliyefariki mwaka 1912, hakuwa mpishi. Alikuwa mshairi, na tena mfasiri, ambaye miongoni mwa mengine aliitia *Hamlet* katika Kireno. Leo wanaomsoma ni wachache mno. Wanaolitaja jina lake kila usiku, mdomo umejaa, hawahesabiki. Kuna washairi waliosahauliwa kwa namna mbaya kuliko hiyo.

Mhudumu alikuja na chupa. Ingawa binti ndiye aliyeagiza, na pochi ilikuwa yake, funda la kuonja alimiminiwa baba. Ndivyo wafanyavyo bado katika mikahawa mingi. Mzee aliinua bilauri, akangoja harufu ya utoto wake. Haikuja. Hapakuwa na uozo, wala ukali wa siki, wala lolote ambalo mtu angeweza kulinyooshea kidole. Baridi ilikuwapo, uchachu ulikuwapo, viputo vilikuwapo. Ila ndani palikuwa patupu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama na kuacha viti na meza mahali pake. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa akiusoma uso wa baba kama mwanafunzi anayengoja daftari lake lisahihishwe. Alimtazama mhudumu, ambaye meza nne zilikuwa zikimsubiri. Akainamisha kichwa.

Kombe wakaja, chumvi ya bahari na saumu na majani mabichi, walikuwa wazuri. Na kila baada ya tonge mvinyo ulipita kinywani kama maji yaliyokamuliwa ndimu jana. Haukujibu kitu. Binti alikunywa, akakunja uso kidogo, akanywa tena.

"Mzuri, baba?"

"Mzuri, mwanangu."

Wakala kamba kwa muda bila kusema. Kisha binti akaiweka bilauri chini. "Basi labda ni mimi nisiyejua kunywa," alisema. "Wameandika kwamba unanukia maua. Mimi sisikii kitu."

Mzee aliacha kula. Kwa ajili ya kulinda furaha ya mtoto, na kwa ajili ya kujilinda na macho ya mhudumu, alikuwa amemfanya mtoto aushuku ulimi wake mwenyewe. "Si wewe," alisema. "Mvinyo huu umekufa. Nimejua tangu funda la kwanza."

"Mbona hukusema?"

Hakuwa na jibu, akainua mkono kumwita mhudumu. Yule alikuja, akanusa bilauri, akasema maneno mawili, akaichukua chupa. Haikuchukua dakika moja. Hakuuliza cheti cha mtu yeyote. Akarudi na chupa nyingine, nembo ile ile, mwaka ule ule, na safari hii harufu ya maua ilifika kabla ya bilauri. Binti akaonja, akafumba jicho moja.

"Mkali huu! Ule wa kwanza ulikuwa mpole zaidi."

"Ndivyo ulivyo," alisema baba, akicheka. Binti alimaliza bilauri moja, akaagiza maji.

Jambo la kuchunguzwa ni lile lililoinyamazisha chupa ya kwanza. Wa kushukiwa ni wengi. Mvinyo ukipozwa kupita kiasi hufa ganzi, lakini hufufuka ukipata joto la mkono, na huu haukufufuka. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yakizidi katika mvinyo, hata ukiwa mweupe, huzusha shombo kinywani mtu anapokula viumbe wa kombe. Lakini hapa hapakuwa na shombo. Mkosaji alikuwa kizibo.

Kizibo cha chupa hukatwa kutokana na gome la mwaloni wa aina maalumu, unaoota zaidi kusini ya Ureno, katika nyanda za Alentejo. Nchi hiyo peke yake hutoa takriban nusu ya magome ya namna hiyo duniani. Mti hungojwa kama miaka 25 kabla ya kuambuliwa mara ya kwanza, kisha hupumzishwa miaka tisa, na gome lifaalo kwa vizibo vizuri halipatikani mpaka uvunaji wa tatu, mti ukiwa umevuka umri wa miaka 40. Waambuaji huandika kwa rangi juu ya shina tarakimu ya mwisho ya mwaka: mti uliovuliwa gome mwaka 2024 huandikwa 4, na hauguswi tena mpaka 2033. Ni kazi ya subira, na katika kilimo cha leo hakuna nyingi zinazolingana nayo.

Katika gome hilo, ukungu unapokutana na viambato vyenye klorini, huweza kuzalika kemikali iitwayo trikloroanisoli. Watafiti wa Uswisi waliitambua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nanogramu chache katika lita moja zatosha kuuharibu mvinyo, na nanogramu ni sehemu moja katika bilioni ya gramu. Ikiwa nyingi, mvinyo hunuka karatasi ngumu iliyolowa, au stoo isiyopigwa na jua, na hapo hata mgeni hung'amua. Hatari ni pale inapokuwa kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa Osaka walichapisha ugunduzi wa ajabu: kemikali hii, kwa kiasi kidogo mno, huzizuia seli za kunusia zisipeleke habari. Kwa maneno mengine, haileti harufu mbaya puani. Huizima ile nzuri. Mnywaji hadanganywi. Anatiwa uziwi.

Ndiyo maana aibu hupata nafasi. Mtu akikutana na uvundo ana shahidi. Akikutana na ukimya hana, na mtu asiye na shahidi hujilaumu mwenyewe, au huilaumu zabibu, au nchi nzima. Ni wangapi waliokunywa chupa moja ya namna hiyo wakaapa kwamba mvinyo mbichi ni maji tu, haujui. Watengeneza vizibo wamejitahidi sana tangu miaka ya 2000, na wapo wanaokipima kizibo kimoja kimoja; chupa mbovu zimepungua, hazikwisha. Na chupa haina dalili. Anayenunua nazi huitikisa sikioni akasikia maji yake, naye akiivunja akaikuta mbovu huirudisha kwa muuzaji bila kutahayari. Chupa haitikisiki.

Wala wanywaji wa tembo hawana haya hizo. Tembo hugemwa asubuhi likiwa tamu, hukolea adhuhuri, na likilala huchacha. Kila mnywaji anazijua saa zake kama anavyozijua saa za maji kujaa na kupwa. Likiletwa lililochacha, au lililozidishwa maji, husemwa hapo hapo, na mgema hujitetea kwa ulimi mkali. Methali ya mgema na sifa yaeleweka na kila mtu: akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini methali hiyo inachukulia kwamba msifu ameonja, na kwamba alichokisifu kilikuwa kizuri siku ile. Haikumfikiria mtu anayesifu kabla ya kuonja, kwa sababu tu chupa ina nembo ya dhahabu na maneno asiyoyaelewa. Lugha ya kigeni kwenye chupa ni kizibo cha pili.

Wareno wenyewe wamekwisha kulifikiri hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1850 serikali ya Costa Cabral ilipitisha sheria ya kuwabana waandishi wa magazeti, na wananchi wakaipachika jina la *Lei das Rolhas*, Sheria ya Vizibo. Waandishi waliipinga hadharani, Almeida Garrett na Alexandre Herculano wakiwa miongoni mwao, na mwaka uliofuata ikafutwa. Katika nchi inayovuna vizibo, watu hawakuhitaji istiari nyingine kwa mdomo uliofungwa.

Mfasiri anayetaka jina la mvinyo wa namna hii ana kazi ya kuchagua. "Umechacha" si kweli, kwa sababu haukuzidi uchachu. "Umevunda" si kweli pia. Jikoni lipo neno zuri, chapwa, la chakula kilichokosa chumvi au viungo; lakini chapwa humlaumu mpishi, na mpishi hapa hana kosa, aliyeulima na kuutengeneza alitimiza wajibu wake. "Bubu" lingefaa kama mvinyo ungezaliwa hivyo. Kiswahili kina bahati kwamba harufu kwacho husikiwa, haionwi wala haishikwi. Binti wa Matosinhos, akifasiriwa, husema bila kulazimishwa kwamba hasikii kitu. Kwa hiyo liwe jambo la sauti: mvinyo uliozibwa mdomo. Ni maneno matatu, na mhudumu mwenye sinia mkononi hana wakati nayo. Wale wa Ureno husema *tem rolha*, una kizibo, wakaiondoa chupa mezani.